Cheni Iliyopita kwa Fundi Baiskeli

Juma lililopita nilistaafu: nilikabidhi ufunguo wa stoo ya vifaa, nikasaini daftari, nikanywa soda mliyoninunulia, nikaenda nyumbani. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshavaa buti, nimekaa sebuleni, sina pa kwenda. Mume wangu akaniuliza kama nakwenda kupima sufuria. Basi nikachukua karatasi. Vyeo sitavisema, maana vilikuwa vichache na havijawahi kunisaidia kunyoosha mstari hata mmoja. Nitawaambia ninyi mliobaki mambo niliyoyaona na moja nililolificha, kwa sababu nikikumbuka siku lilipofichuka bado nataka kuinuka kitini.

Nilifika ofisi ya upimaji ya Musoma nikitokea chuoni, na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa mwanamke wa kwanza pale kushika theodolaiti, ile darubini ya kupimia, na wenzangu walifikiri nimeletwa kupiga taipu. Mkuu wa kazi za nje alikuwa Bwana Majura, mtu wa Nyegina, mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Alinitazama, akatazama viatu vyangu vya kisigino, akanipa buti za marehemu fulani ambazo kila moja iliweza kuchukua miguu yangu miwili. Siku hiyohiyo tulikwenda kupima mtaro wa maji ya mvua pale Mukendo. Nilisoma stafu, ile fimbo ndefu yenye namba, nikaandika haraka kwa mbwembwe zote za chuo. Bwana Majura akaziangalia, kisha akanionyesha kwa kidole kuwa kwa hesabu zangu maji ya mtaro yangepanda kutoka ziwani yakaingia sokoni. Nilikuwa nimesoma stafu kichwa chini miguu juu kwa vituo viwili. Nilicheka peke yangu, yeye hakucheka. Akasema nirudie kuanzia mwanzo.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Bwana Majura alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata akiwa na homa: cheni haitoki ofisini kabla ya kupimwa. Ninyi mna mashine zinazosema na setilaiti, kwa hiyo nieleze. Cheni ilikuwa mnyororo wa chuma wa mita ishirini, wenye vipande mia moja vya waya mnene vilivyounganishwa kwa vipete. Ikivutwa sana hurefuka, ikipinda hufupika, na hakuna atakayekuambia. Kando ya ofisi, chini ya dirisha la mhasibu, palikuwa na misumari miwili iliyozamishwa kwenye zege, mita ishirini kamili kutoka mmoja hadi mwingine. Kila asubuhi tulifagia mchanga, tukalaza cheni pale, tukaangalia kama ncha zinakaa juu ya misumari. Zikikaa, tunapanda gari. Zisipokaa, tunaandika tofauti na kuitumia kusahihisha vipimo vyote vya siku hiyo. Ni kazi ya dakika tano. Mimi niliiona kama sala ya kabla ya chakula, nikaipenda.

Halafu zikaja zile siku ngumu. Wenye umri wangu hamhitaji kusimuliwa, na ninyi vijana hamtaniamini. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa kufahamiana, saruji kwa kibali, na kibali chenyewe kwa foleni nyingine. Ofisi ilikuwa na lori moja, na dizeli ikipatikana hatukuuliza imetoka wapi. Tulipima kwa penseli zilizobaki urefu wa kidole gumba. Vigingi vya chuma vikiachwa uwanjani Jumatatu, Jumatano vilikuwa vimeshakuwa majembe. Katika hali hiyohiyo, msiulize kwa nini, ikaamuliwa kwamba Bunda, upande wa Kabasa, pajengwe uwanja wa michezo wenye njia ya kukimbilia ya mita mia nne, wa kwanza wa namna yake sehemu zile. Bwana Majura akaniambia niende mimi. Yeye alikuwa amelala na malaria, macho ya njano, na alinena kutoka kitandani.

"Kazi ni yako," alisema. "Usianze bila kuipima cheni."

Nilitoka pale nikitembea hewani. Uwanja mzima, wa kwangu.

Tatizo ni kwamba cheni ilikuwa imeharibika. Siku chache kabla, tukiwa kwenye barabara ya Nyegina, mkokoteni wa ng'ombe ulipita juu yake, kipande kimoja kikapondeka vibaya. Kiwanda cha vipuri hakikuwepo, wala duka. Palikuwepo fundi baiskeli wa Mukendo, Fundi Sospeter, kijana mnene mwenye mikono myepesi, aliyeweza kutengeneza baiskeli kwa vipande vya baiskeli nyingine tatu. Nikampelekea cheni. Wakati huohuo tukasikia duka la ushirika limefungua mfuko wa sukari, nami nikamwachia kazi nikakimbilia foleni. Niliporudi na nusu kilo yangu, cheni ilikuwa imeshakunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira. Kile kipande kilichopondeka nilikiona chini, kimekatwa, kimelala mchangani kati ya matairi. Nikajisemea kwamba amekikata akaunganisha palepale bila kuweka kingine, kwa hiyo cheni imefupika. Si neno, kesho asubuhi nitaipima kwenye misumari, nitajua imefupika kiasi gani.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, dereva wa lori alinigongea mlango akasema amepata dizeli, na anaondoka sasa hivi, anayetaka apande. Nilipanda. Cheni ilikuwa begani. Tulipita mbele ya ofisi na sikumwomba asimame, kwa sababu nilijua angesimama akazima injini, na injini ile ikizimwa ilikuwa na tabia ya kukataa kuwaka. Nilijiambia nitatafuta njia nyingine ya kuipima nikifika Bunda. Sikutafuta.

Na Bunda kulikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Greda lilikuwepo, lakini halikuwa na tairi. Basi wazee wa Kabasa wakaleta ng'ombe wa kulimia, jozi tisa, wakalima uwanja kama shamba la pamba, na akina mama wakabeba moramu, udongo wa changarawe, kwa karai kichwani wakiimba. Mimi nilikuwa katikati na kigingi kimoja cha kituo, nazungusha kamba ndefu niliyoipima kwa cheni kuchora kona kama mtu anavyochora duara, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wiki tatu. Ng'ombe mmoja mwekundu alikataa kabisa kupita juu ya mstari wangu wa chokaa, akawa anauruka kila mara, na watu walikaa pembeni kumtazama yeye tu. Siku ya mwisho nilikimbia mzunguko mzima mwenyewe, na buti zangu, nikashangiliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Niliporudi Musoma, Bwana Majura alikuwa amepona. Aliniuliza kama niliipima cheni. Nikasema niliipima. Neno hilo lilitoka jepesi sana, nami nikashika daftari kana kwamba kuna kitu cha kuandika. Cheni yenyewe ikaazimwa na wilaya nyingine mwezi uleule, na kama mnavyozijua wilaya nyingine, haikurudi.

Miaka ikapita. Mambo yakafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za rangi zote hata tukashindwa kuchagua, baiskeli mpya zikaja, mitumba ikaja, kampuni binafsi za upimaji zikaja na vijana wenye kofia. Ofisi yetu ikapunguza watu. Bwana Majura akastaafu akarudi kwao Nyegina. Sisi tuliobaki tukapata tepu ya chuma ya mita mia, nyembamba, inayong'aa, ambayo nililala nayo chumbani siku ya kwanza nikiogopa wezi. Kila nilipopita Bunda kwa basi niligeuza uso upande mwingine.

Ndipo akatokea Wakuru. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari kutoka upande wa Butiama, mwembamba, mweusi, mwenye miguu mirefu kuliko hekima ya kuitawala. Mashindano ya kanda yalifanyika kwenye uwanja wetu wa Bunda, na binti huyo akakimbia mita elfu moja na mia tano peku, akawaacha wenzake nusu ya mzunguko. Muda wake ulikuwa mzuri mno. Akachaguliwa kwenda kambi ya taifa, na kwao wakachinja mbuzi. Baada ya siku tano ikaja barua. Mwalimu wa riadha wa mkoa jirani, aliyeona wanariadha wake wakiachwa vile, aliandika kwamba binti wa shule hawezi kukimbia muda ule, na kwamba bila shaka uwanja ni mfupi. Akataka upimwe mbele yake. Ukionekana mfupi, jina la Wakuru lifutwe na nafasi iende kwa mwingine.

Barua iliwekwa mezani kwangu kwa sababu uwanja ulikuwa wangu. Niliisoma mara mbili. Nilikiona kile kipande cha waya mchangani kwa Fundi Sospeter kana kwamba nilikiona jana. Nilimwona na yule binti ambaye sikuwahi kumwona, kwao wameshamaliza kula mbuzi, wanapelekewa habari.

Jumapili nilikwenda Nyegina. Bwana Majura alikuwa uani anaanika mihogo. Nikamwambia yote, pamoja na uongo wangu, nimesimama, maana sikuweza kukaa. Alimaliza kutandaza mihogo yake kwanza.

"Nilijua," alisema. "Nilipopona nilikwenda kwenye misumari. Mchanga wa mvua ya kabla hujaondoka ulikuwa bado umeifunika yote miwili. Hakuna mtu aliyefagia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote ile. Akasema alikuwa ananisubiri, na kwamba nimechelewa kidogo. Kisha akaniambia niende nikapime, na niandike nitakachokiona hata kama kinanikata mimi. Aliniambia pia nisimpe mtu wangu ncha ya tepu. Nimpe yule mwalimu aliyelalamika. Hilo la mwisho liandikeni ukutani, ni ushauri bora kuliko wote niliopata katika kazi hii.

Siku ya kupima watu walijaa. Wakuru alikuja na mwalimu wake na mama yake mzazi. Mama yule alinisalimu kwa heshima, akaniita mama mpima, akaniuliza kama itachukua muda mrefu. Nilishindwa kumtazama. Njia ya kukimbilia hupimwa sentimita thelathini kutoka ukingo wa ndani, kwa hiyo tulichora mstari huo kwa chokaa, tukapiga misumari kila hatua chache kwenye kona, tukalaza tepu taratibu. Mwalimu mlalamikaji alishika ncha ya mbele mwenyewe, amechutama, suruali yake nzuri inaingia moramu. Mimi nilishika nyuma na kuandika. Sehemu ya kwanza iliyonyooka ilikuja ndefu. Nikadhani nimesoma vibaya. Kona ya kwanza ikaja ndefu. Nilikuwa natafuta ufupi kwa miaka mingi kiasi kwamba urefu sikuutambua. Tulipofunga mzunguko, mwalimu ndiye aliyesoma namba. Alisoma, akafuta tepu kwa kidole, akasoma tena.

"Mia nne na nne," alisema. "Na sentimita arobaini na ushee."

Tulirudia kwa kuzunguka upande mwingine. Ikaja vilevile. Yule mwalimu alikuwa mpinzani lakini hakuwa mwongo, nami namheshimu mpaka leo. Alisimama, akavuta suruali yake, akauambia umati kwamba uwanja si mfupi, uwanja umezidi. Katika mita elfu moja na mia tano, binti huyu alikimbia zaidi ya mita kumi na sita ambazo hakutakiwa kukimbia, na bado akapata muda ule. Sijui nani alianza kupiga vigelegele, nadhani ni mama yake. Mimi nilikaa chini kwenye moramu, hapohapo, nikacheka kama mwendawazimu.

Lakini sheria ni sheria. Mwamuzi aliyekuwepo akasema uwanja uliokosewa umekosewa, uwe mfupi au mrefu, na muda uliopatikana juu yake hauhesabiki. Ili jina libaki, Wakuru lazima akimbie tena, umbali sahihi, na afikie muda uliowekwa na kambi. Wakapanga Jumamosi. Furaha ikakatwa katikati. Watu wakaanza kunong'ona kwamba labda siku ile alikuwa na bahati, labda upepo, labda saa za waamuzi. Mama yake akanishika mkono akaniuliza kama nitapima vizuri safari hii. Nikamwambia nitapima.

Kabla ya Jumamosi nilikuwa na safari moja ya lazima. Fundi Sospeter alikuwa bado Mukendo, sasa ana duka lenye bati na baiskeli mpya za kuning'inia, na tumbo limeongezeka. Nilimuuliza kama anaikumbuka cheni ya serikali. Aliikumbuka mara moja, akaangalia kushoto na kulia, ingawa zile siku za watu kukamatwa kwa mali ya serikali zilikuwa zimeshapita zamani.

"Dada, mimi niliogopaga sana ile kazi," alisema. "Kile kipande nilikikata, nikaweka kingine kipya. Nikaona je, kikiwa kifupi kidogo? Mali ya serikali ikipungua mkononi mwangu si wananifunga? Nikakuwekea kirefu. Nikakupa nyongeza."

Nyongeza. Kama mama muuza dagaa anavyojaza kopo, kisha akatupia kiganja kimoja juu ili mteja asinung'unike. Kilikuwa kimezidi kwa kama shubiri moja, na mzunguko una cheni ishirini. Nimefundishwa makosa ya kila aina katika upimaji, ya joto, ya mvutano, ya jua machoni, lakini hakuna kitabu kilichonionya juu ya fundi mwema. Sikuweza kumkasirikia. Nilimweleza habari za Wakuru, naye akafunga duka Jumamosi ile akaja Bunda kwa baiskeli.

Asubuhi hiyo nilifika kabla ya wote. Mstari wa kuanzia tuliuacha palepale. Wa kumalizia ndio tukausogeza nyuma, mita kumi na sita na nusu, nikauchora kwa chokaa mpya, mweupe, mnene. Mlalamikaji alishika ncha ya tepu tena. Aliniletea na chai kwenye chupa. Uzi wa kumalizia ukafungwa kwenye miti miwili, waamuzi watatu wakashika saa tatu. Wakuru aliwekewa wasichana wanne wa kumsindikiza asikimbie peke yake. Alionyeshwa mstari mpya, akauangalia, akaitikia kwa kichwa.

Mzunguko wa kwanza alikwenda polepole mno. Wa pili akawa katikati ya wenzake. Mwalimu wake alikuwa anauma ukosi wa shati. Wa tatu, upande wa mbali ambako ng'ombe walilima siku zile, akatoka kwenye kundi kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, na tangu hapo hapakuwa na kundi tena, palikuwa na yeye. Watu wote walisimama. Fundi Sospeter alikuwa amenishika bega ananiminya, na mimi nilikuwa napiga kelele kwa Kijita, lugha ambayo sikuwa nimeitumia hadharani tangu utoto. Akaingia kona ya mwisho. Akaja moja kwa moja, kidevu juu, peku, akaukata uzi.

Saa tatu zikabanwa. Mwalimu mlalamikaji aliinama juu ya saa ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, kisha akaniletea hiyo ya tatu nione mwenyewe. Muda wa kambi ulifikiwa na sekunde zikabaki. Sikuuona mshale wa saa vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, lakini uso wake niliuona, na ulitosha.

Wakati huo umati ulikuwa unaita, simama, simama, umemaliza. Wakuru hakuwa amesimama. Alikuwa amepita chokaa yangu mpya na uzi umemzunguka kifuani, na anakimbia kwa nguvu zilezile, mikono inakata, mpaka pale mstari wa zamani ulipokuwa. Hapo akasukuma kifua mbele kama wanavyofundishwa, ndipo akaacha.

Nilimkimbilia kumwambia ameshinda, na kwamba mwisho ulikuwa kule nyuma. Aligeuka akautazama mstari wangu, anahema.

"Mama, niliuona," alisema. "Ila mimi nimezoeaga kuishia hapa."